Adabu ya Kurudi Nyuma

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba kukiri kosa ndio mwanzo wa elimu. Somo hilo nililolihubiri darasani nilikuja kusomeshwa upya jangwani, nikiwa nimeshika usukani, na mtoto wa miaka tisa amekaa kiti cha nyuma.

Ilikuwa Oman, pembezoni mwa mji wa Bidiya, pale lami inapokoma na mchanga wa Wahiba unapoanza. Mchanga huo, ambao siku hizi huitwa pia mchanga wa Sharqiya, umeenea kiasi cha kilomita 180 kutoka kaskazini hadi kusini. Mjomba wangu, mzaliwa wa Unguja aliyeondoka kijana baada ya mwaka 1964, ameuzoea kama babu zake walivyoizoea bahari.

Kabla hatujaingia alishuka, akapunguza upepo wa matairi yote manne kutoka paundi 35 hadi 18. Tairi lililolegea, alinieleza, hutandaa juu ya mchanga mfano wa unyayo wa ngamia badala ya kuchimba. Kisha akayateremsha madumu ya maji kutoka kwenye keria, akayapanga sakafuni, kwani mzigo ukikaa juu ya paa gari huwa jepesi kupinduka. Akakagua mikanda yetu, ukiwemo wa mjukuu wake, ndipo akaniachia usukani.

“Mambo matatu, baba,” akaniambia. “Kilima cha mchanga hupandwa kwa uso na huteremkwa kwa uso, si kwa ubavu. Ukishindwa kufika juu, usigeuze. Tia rivasi, urudi kwa alama zako mwenyewe. Na gari likianza kuteleza ubavu, elekeza usukani bondeni.”

Nikaitika kama mtu anayejua.

Vilima viwili vya mwanzo nilivivuka vizuri. Cha tatu kilinishinda. Nilikuwa nimekipanda kwa mwendo mdogo, gari likasimama hatua chache kabla ya kilele. Chini yetu walikuwapo vijana na magari yao, wakitutazama. Mimi, mtu wa shahada tatu, nikaona haya kurudi kinyumenyume mbele ya vijana. Nikakata usukani kushoto ili nigeuze.

Mara gari likawa limelala ubavu dhidi ya mteremko. Magurudumu ya chini yakazama, uzito wote ukayaelemea, na ya juu nikayahisi yanakuwa mepesi. Mikono yangu ilitaka kukimbilia mlimani. Hiyo ndiyo hatari yenyewe: magurudumu yakiuma mchanga kuelekea juu ilhali gari linateleza kuelekea chini, gari hujikwaa kwa miguu yake lenyewe. Tena tairi lenye upepo mdogo, likikatwa ghafla, huweza kuchomoka kwenye ringi. Nayo ringi ikichimba mchanga huwa kisiki.

“Bondeni!” akasema mjomba, bila kupaza sauti.

Nikaukata usukani kuelekea kule kule nilikokuogopa, nikakanyaga mafuta kidogo. Pua ya gari ikaangalia chini, uzito ukarudi mahali pake, tukateremka salama. Nyuma, mtoto akacheka, akaomba turudie. Mimi nilikuwa nikitetemeka.

Sikulala vizuri usiku ule, wala si kwa sababu ya mchanga. Nilikumbuka kikao kimoja cha idara tuliyokuwa tumeanzisha programu mpya ya masomo kwa mbwembwe. Ilipofika mwaka wa pili ilikwisha kuwa dhahiri kwamba hatuna walimu wala maabara za kuifikisha juu. Mwenzetu mmoja alishauri tusitishe udahili na kuwarudisha wanafunzi kwenye mtaala wa zamani. Nilikuwa miongoni mwa waliompinga. Tukasema tutachekwa. Badala ya kurudi tukageuza ubavuni: tukabadilisha jina la programu, tukaongeza idadi ya wanafunzi. Sisi tulibaki na vyeo vyetu. Waliopinduka ni wale waliokaa kiti cha nyuma, ambao hadi leo hukutana nami mjini wakiwa na vyeti wasivyoweza kumweleza mwajiri maana yake.

Si idara yetu peke yake. Katika utawala wetu wa umma ipo miradi na sera nyingi ambazo hazikuangushwa na ugumu wa kilima. Kilima kigumu humsimamisha tu dereva, na kusimama si msiba. Msiba huja baadaye, pale anayeongoza anapoyajali zaidi macho ya watazamaji kuliko roho za abiria.

Kesho yake, tulipoirudia lami, mjomba alijaza tena upepo, kwa kuwa tairi lililolegea hupata joto na kupasuka kwenye barabara ngumu. Hakunikumbusha kosa langu. Lakini tangu siku hiyo, kila ninapomsikia mkubwa akisema kikaoni kwamba hatuwezi tena kurudi nyuma, mimi huuliza: kiti cha nyuma amekaa nani?