Dalili za Bata Anayekaribia Kutaga

Wafugaji wengi wa uani humjua bata anayetaga siku wanapoliona yai. Hapo huwa wamekwisha kuchelewa, kwa maana bata hatangazi. Kuku akitaga hupiga kelele mtaa mzima ukasikia. Bata huondoka zake kimya, na mayai yake ya kwanza aghalabu huliwa na kenge matetini kabla mwenyewe hajajua kuwa yapo. Kwetu Rumonge, ambako matete hayako mbali na ua, hasara hiyo si ndogo.

Bata ninaowafuga ni wale wenye vinundu vyekundu usoni, ambao asili yao ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Hawadai ziwa, beseni pana la maji lawatosha.

Mwezi wa Agosti mwaka mmoja, mume wangu akiwa kazini mbali na nyumbani na watoto wakingojea madaftari ya Septemba, alinijia mchuuzi akitaka majike wangu wawili kwa ajili ya nyama. "Mama, hawa wanakula bure tu," aliniambia. Bei yake haikuwa mbaya, na fedha zilihitajika. Lakini jike aliyekaribia kutaga hauzwi kwa bei ya kitoweo. Nilimwomba arudi kesho yake asubuhi.

Majike hao walikuwa wa uzao mmoja, walioanguliwa Januari; maana yake walikuwa na miezi saba, na bata wa aina hii huanza kutaga kati ya miezi sita na saba hivi. Umri, basi, haukuweza kuniamulia. Jioni ile niliwakamata mmoja mmoja na kuwapima kwa vidole. Chini ya mkia, pande mbili za kinyeo, iko mifupa miwili ya nyonga yenye ncha. Kwa jike ambaye bado, mifupa hiyo imekaribiana, kidole kimoja hupenya kwa shida. Yule wa kwanza alikuwa hivyo, na kinyeo chake kilikuwa kidogo, kikavu. Wa pili alipitisha vidole vitatu bila taabu. Kinyeo kilikuwa kipana chenye unyevu, na tumbo lake laini lilikuwa limeshuka. Ndipo nilipoelewa kwa nini juma lile zima alitembea kwa kuyumba kama mama mjamzito, na kwa nini alikuwa akichungulia nyuma ya magunia ya mkaa. Jike anayetafuta pembe yenye giza, akaikalia na kuigeuzageuza kwa kifua, hachezi.

Mchuuzi aliporudi nilimpa yule wa kwanza pamoja na dume mmoja wa ziada. Dume mmoja huwatosha majike wanne au watano; waliozidi hula na kupigana tu. Madaftari yakapatikana.

Aliyebaki nilimwekea sanduku lenye nyasi kavu mahali palipoinuka, kwani mvua zetu hazina adabu, na ziwa lenyewe lisiaminiwe: mwaka 2024 lilipanda likaingia katika makazi ya kando yake hapa Burundi. Nilimfungia bandani hadi saa tatu asubuhi, maana bata wengi hutaga alfajiri au mapema asubuhi. Chakula chake nilikichanganya na vumbi la ndagala, na pembeni nikamwekea makombe ya konokono wa ziwa yaliyotwangwa, ili ganda la yai lisiwe laini. Vitu hivyo havikunigharimu chochote ila kuinama ufukweni.

Siku ya tisa yai lilikuwa ndani ya sanduku. Nililitia alama ya mkaa na kuliacha palepale, asije akahama. Yaliyofuata niliyatoa kila siku bila kuyaosha, kwa kuwa kuosha huondoa utando unaolinda yai. Machache tulikula, yakiwa yamechemshwa yakaiva kabisa. Alipoanza kujing'oa manyoya ya kifua na kuyatandika, nilimrudishia kumi na mawili.

Hapo yataka subira, dada zangu. Kuku huatamia siku 21, bata wengine 28, lakini bata huyu hukaa siku 35, na siku ya 30 majirani walikwisha kuniambia niyatupe mayai hayo. Yaliangua tisa. Mawili kati yao yalikuwa majike, na hao sikumwonyesha mchuuzi.