Kuuza Shauri

Auzaye samaki humwonyesha mnunuzi samaki wake. Sisi tuliofungua chumba chetu Kimanga, hapa Uvira, tuna nini cha kuonyesha? Meza, daftari na masikio. Kazi yetu ni kuwapa wafanyabiashara shauri, nao hutulipa. Wengi walitucheka: maneno nayo yauzwa?

Wa kwanza kuja walikuwa akina mama wanaonunua ndakala Makobola na kuwauza mjini. Mama mmoja alituambia kwamba anapata faida njema. Tukamwomba ahesabu pamoja nasi: bei ya samaki, gari, magunia, ushuru wa soko, na wale wanaooza mvua ikinyesha kabla hawajakauka. Tena huku kwetu twashika fedha za namna tatu, franka za Kongo, franka za Burundi na dola, na kila zinapobadilishwa kitu kidogo hubaki mkononi mwa mbadilishaji. Tulipokwisha kujumlisha, faida karibu yote ilikuwa imeliwa na gari na huko kubadilisha. Siku hizi yeye na wenzake watatu hukodi gari moja. Hilo ndilo shauri tulilomwuzia. Halina ajabu, lakini peke yake hakuliona.

Sheria nayo yatupa kazi. Tangu 12 Septemba 2012 nchi yetu imo katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara. Sheria hiyo, ilivyotengenezwa upya mwaka 2010, humruhusu mchuuzi mdogo ajitangaze tu, bila malipo, pasipo kuandikwa katika rejista ya wafanyabiashara. Lakini yampasa kuandika siku kwa siku fedha ziingiazo na zitokazo, na kukitunza kitabu hicho miaka 5. Wangapi sokoni walijua? Tena si lazima kitabu cha gharama. Daftari la shule latosha.

Jambo gumu ni malipo yetu wenyewe. Mjane mmoja wa Kalundu alitaka kuweka nyumba yake rehani anunue mota ya mtumbwi. Tulipiga hesabu siku mbili, tukamwambia asinunue. Alikasirika sana: alipe kwa kuambiwa hapana? Hakujua kwamba muuza mota alikuwa ametuahidi fungu la bei tukimshawishi, nasi tulikuwa tumekataa. Tangu hapo twapatana malipo kabla ya kufungua daftari, jibu liwe ndiyo au hapana, wala hatupokei kitu kwa muuzaji yeyote.

Kwa hiyo tumekua polepole. Tulikuwa wawili, sasa tu wanne. Wa nne ni mama aliyeuza sokoni miaka mingi, asemaye Kifuliiru na Kibembe, na wateja humwendea yeye kwanza (nasi hatuoni wivu, au kidogo tu). Mjane wa Kalundu alilipa nusu, kwa mikeke. Nusu ya pili twaingoja bado. Mwezi uliopita alituletea shemeji yake, atakaye kufungua duka la simenti.