Majivu ya Kukhu, Chumvi ya Burumba

Kisima cha nyumbani kwetu, upande wa Matayos, kilikuwa na maji meupe, baridi, yasiyo na harufu, lakini sabuni haikupatana nayo. Ukifua shati povu linakataa, na utando wa kijivu unaelea kwenye karai na kunata kolani. Maharagwe nayo yalikaa motoni tangu asubuhi hadi tuliporudi shuleni, na bado ukiyatafuna yanagonga jino.

Kukhu, bibi yangu, alikuwa na dawa yake. Alichoma maganda ya ndizi na makapi ya maharagwe, akaweka majivu kwenye chungu kilichotobolewa chini, kisha akamimina maji juu yake taratibu. Yaliyodondoka yalikuwa na rangi ya chai kavu. Hiyo ndiyo musherekha, ambayo sisi Waluhya tunapikia mboga za kienyeji mpaka leo. Kidogo alitia kwenye sufuria ya maharagwe. Nyingine aliitia kwenye ndoo ya kufulia, akaiacha itulie. Ukirudi baadaye unakuta unga mweupe umelala chini: chokaa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji. Ya juu alifulia, ya chini akamwagia mgomba. Kwa nini mgomba, hakunieleza, nami sikuuliza.

Nilipohamia Burumba, mjini Busia mpakani na Uganda, kutafuta kazi, maji yalikuwa yakija mlangoni kwa baiskeli, jerikeni za lita 20 zimefungwa kwa mipira. Halafu yakaja maduka ya maji ya kuchuja. Moja lilichimba kisima chake kirefu, na mimi nikaajiriwa kujaza mitungi. Maji ya kisima kile yalikuwa magumu kuliko ya nyumbani. Kabla hayajafika kwenye membreni ya kuchujia yalipitia tangi refu lenye resini, maana chokaa ikiganda kwenye membreni, membreni imekufa, na bei yake si ya mchezo.

Fundi aliyekuja kutoka Malaba kutufungia mtambo alinimwagia resini kiganjani. Punje ndogo, za mviringo, rangi ya asali, mithili ya wimbi. "Kila punje imebeba sodiamu," aliniambia. "Maji magumu yakipita, chokaa inakaa, sodiamu inatoka. Punje zote zikishajaa chokaa, hapo unalisha chumvi."

Kulisha chumvi ikawa kazi yangu ya jioni. Kwanza nilirudisha maji kinyume, kutoka chini kwenda juu, ili resini inyanyuke na kutoa uchafu. Kisha chumvi: kilo moja kwa lita tatu za maji, koroga hadi iyeyuke, na mtambo unaivuta polepole kwa nusu saa au zaidi. Sodiamu ikiwa nyingi kiasi hicho huisukuma chokaa itoke. Mwisho kusuuza, hadi ukionja maji ulimi usisikie chumvi. Chumvi haikuwa taabu kupata. Magunia kutoka Gongoni, kule Kilifi, hupita mpaka huu kuelekea Uganda.

Asubuhi nilijaza chupa nusu, nikatia matone machache ya sabuni, nikatikisa. Povu likisimama, nimefaulu. Nilifurahi kila mara, kwa kuwa lilikuwa povu lile lile alilolitafuta Kukhu.

Tangi letu lilichukua resini lita 28 hivi, na mwenye duka alitaka kilo 7 za chumvi kila mara. Maji yote ya kusuuza yalipita kwenye bomba chini ya ukuta na kuishia mtaroni. Sikuwahi kutoka nje nione mtaro unaelekea wapi.

Aliyenionyesha ni mama jirani. Alikuja dukani na jani la sukuma wiki, kingo zimeungua rangi ya kahawia.

"Mwanangu, maji yenu yanachoma mboga zangu."

"Mama, ni maji ya chumvi tu, hayana dawa."

"Njoo uone."

Nilikwenda. Karibu na mtaro sukuma zilikuwa zimedumaa, na udongo ulikuwa umefanya gamba. Alipiga jembe, likalia kama limegonga kigae. Maji yalisimama juu yake, hayanywewi. Nilisimama pale nimeshika jani lile, nisijue la kumjibu.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1850 huko Uingereza, J. Thomas Way alieleza jinsi udongo unavyoshika amonia na kuachia chokaa. Kubadilishana huku kulijulikana kwenye udongo wa shamba, miaka mingi kabla ya resini za viwandani, zilizoanza mwaka 1935. Nikaelewa. Udongo nao ni resini. Tulikuwa tunalilisha shamba la mama yule chumvi kama tunavyolilisha tangi, sodiamu ikakaa mahali pa chokaa, na chembe za udongo wenye sodiamu hutawanyika zikafunga njia za maji. Nikaelewa na mgomba wa Kukhu: majivu yana potasiamu, na mgomba huipenda. Masalio yake yalikuwa mbolea, yetu yaliua.

Nilimweleza mwenye duka kwa hesabu. Kilo 7 huirudishia resini karibu nguvu zake zote, lakini kilo 3 tu hurudisha kama theluthi mbili. Ukipunguza, utalisha mara nyingi zaidi, lakini kwa mwezi mzima utatumia chumvi kidogo, maana ile ya ziada hupita bila kufanya kazi. Alikubali. Bomba tulilielekeza kwenye majitaka. Shambani kwa mama tulitia jasi, ambayo ina kalsiamu kama chokaa, ikaondoe sodiamu, pamoja na samadi, tukangoja mvua za masika ziusuuze udongo. Msimu wa kwanza hapakuota kitu cha maana. Wa pili alivuna.

Kwa yeyote mwenye duka la maji, au aliyefunga tangi kama hili nyumbani: leo jioni, kabla hujalisha chumvi, toka nje, lifuate bomba lako kwa miguu mpaka linapoishia.