Subira kwa Mwili Tuliopewa



Baadhi yetu, wazazi wa parokia, tumeanza kucheza tenisi tukiwa tumekwisha kupita miaka 40. Mnatupokea uwanjani kwa furaha, nasi twawashukuru. Twapenda kuwashirikisha neno moja ambalo mchezo huu unatufundisha.

Katika tenisi mtu huanza mbio ghafla, husimama ghafla, hugeuka ghafla. Anapojisukuma kwa ncha ya mguu huku goti likinyooka, shavu la mguu huvutika kwa nguvu, na msuli wa upande wa ndani waweza kuchanika, hasa kwa watu wa umri wetu. Mzazi aliyeumia hivyo huchechemea kwa majuma kadhaa, na nyumba nzima hubeba mzigo wake.

Kwa hiyo, kabla ya kushika raketi, twatumia dakika 10 hadi 15 kutembea kwa kasi, kukimbia polepole, na kuzungusha mabega na viuno, kwa maana msuli wenye joto hunyumbulika kuliko ulio baridi. Asubuhi za Juni na Julai hapa Lubumbashi hudai muda zaidi. Kisha twapigiana mpira taratibu karibu na wavu. Nyumbani, mara mbili kwa juma, twainua na kushusha visigino polepole ili kuimarisha miguu. Baada ya siku ya mchezo twapumzika siku moja, na msuli ukichoma ghafla, twaacha kucheza papo hapo.

Lililo gumu zaidi ni hili: baada ya majuma machache pumzi huwa nzuri, na moyo husema, «Ongeza!» Lakini kano huimarika polepole kuliko pumzi na misuli. Wengi huumia wakati huo, wakijiona wana nguvu tayari.

Hata katika utume ndivyo ilivyo. Bidii hutangulia, uimara hufuata. Kijana apokeaye huduma zote kwa siku moja huweza kuchoka kabla ya Pasaka. Mtume Paulo alitufundisha kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Basi tusiuvunje kwa ajili ya kujionyesha.

Mkituona tukizunguka uwanja polepole, msituharakishe. Zungukeni pamoja nasi.

Swali la kushirikishana: Ni jambo gani ndani yangu ninalolilazimisha likomae kabla ya wakati wake?