Moshi wa Wengine

Wenzangu, leo naomba niseme kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu hapa chuoni.

Mwaka wangu wa kwanza Durban, hela ya ufadhili ilikuwa haifiki tarehe 20. Visa ya mwanafunzi inaruhusu saa 20 za kazi kwa wiki, basi nikapata kibarua cha wikiendi, kuhudumu mezani kwenye mgahawa mmoja. Mgahawa ulikuwa na chumba cha wavuta sigara. Kanuni za Afrika Kusini za mwaka 2000 ziliruhusu vyumba vya namna hiyo, mradi visizidi asilimia 25 ya eneo, viwe na ukuta na mlango, na hewa yake itolewe nje moja kwa moja.

Siku ya kwanza tu nikaona jambo. Tuliopangwa chumba kile tulikuwa Mtanzania, Mzimbabwe na Mmalawi. Vijana wa hapahapa walihudumu barazani, kwenye upepo. Hakuna aliyetamka kwamba ndio utaratibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mimi ni injinia wa mitambo, nikaanza kupiga hesabu zangu. Feni ya ukutani inapunguza moshi, haiumalizi, maana sigara zinawaka muda wote. Na kila tukipita mlangoni na sinia, moshi unatufuata. Hata ASHRAE, chama cha mainjinia wa viyoyozi cha Marekani, kilishasema mwaka 2005 kwamba njia ya uhakika ni moja tu: watu wasivute ndani. Tena mteja anakaa saa moja, mhudumu anakaa zamu nzima. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa sigara za wengine unaua watu zaidi ya milioni moja kila mwaka.

Nikasoma kanuni zile mpaka mwisho. Kumbe mfanyakazi ana haki ya kukataa moshi bila kuadhibiwa, na kazi ya chumba kile haiwezi kuwa sharti la ajira. Nikamchapia bosi ukurasa ule. Akausoma, akanihamishia barazani. Jamani, nilifurahi!

Jumamosi iliyofuata nikaona nani kachukua nafasi yangu: dada mmoja wa Bukavu, anayeishi kwa karatasi ya kuomba ukimbizi. Nikamwambia, dada, sheria inakuruhusu kukataa. Akacheka.

"Ndugu yangu, weye wakikufukuza utarudi ku masomo. Miye nitarudi wapi?"

Sikuwa na jibu. Haki ile ilikuwa yetu sote, lakini kuitumia kulitaka uwe na pa kuangukia. Na moshi haukupungua hata kidogo, ulihama tu kutoka kifua changu kwenda chake. Nilifanya kazi pale mpaka Desemba na sikurudi kwa bosi kumsemea.

Ndiyo maana naipenda sheria ya Uganda ya 2015, iliyopiga marufuku kuvuta ndani ya sehemu zote za kazi. Pale hakuna mnyonge anayetakiwa kunyoosha mkono. Tanzania mwaka 2003 na Kenya mwaka 2007 zilibakiza maeneo maalumu ya wavutaji. Hapa Afrika Kusini, muswada wa kuviondoa vyumba hivyo uliwasilishwa Bungeni Desemba 2022.

Wenzangu, mkipata kibarua, angalieni nani kawekwa wapi. Na mkiomba kutolewa kwenye moshi, msiombe peke yenu kama nilivyofanya mimi.