Kompyuta ya Kawaida Yaweza Kugawa Intaneti

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mahindi, mbolea na mifereji. Lakini siku hizi naulizwa pia habari za intaneti. Vijana wa kata yetu wanataka kuigawa kijijini. Fedha zao ni chache. Wanayo kompyuta moja ya mezani, kuukuu. Je, yafaa?

Ndiyo, yafaa. Fikirini mfereji. Maji hutoka mtoni, hufika langoni, kisha hugawiwa mashambani. Bila msimamizi wa zamu, shamba la juu hunywa yote na la chini hukauka. Intaneti nayo ina lango lake. Lango hilo huitwa ruta.

Kompyuta huwa ruta ikiwa na milango miwili ya waya. Mlango wa kwanza hupokea intaneti kutoka kampuni kubwa. Wa pili huipeleka kwa wateja. Kisha huwekwa programu ya kuongoza kazi. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, hupatikana bure. Huko Latvia, kampuni ya MikroTik ilianza mwaka 1996. Mwaka 1997 ilitengeneza programu ya kugeuza kompyuta ya kawaida kuwa ruta. Vifaa vyake yenyewe ilianza kuvitengeneza mwaka 2002. Basi kuanza na kompyuta si aibu.

Faida yake ni hii: ikiharibika, vipuri hupatikana mjini, na fundi wa kompyuta huweza kuitengeneza.

Hasara yake ni umeme. Kompyuta inayokula wati 60 usiku na mchana humaliza yuniti 43 kwa mwezi. Ruta ndogo ya wati 10 humaliza yuniti 7 tu. Kwa hiyo pigeni hesabu kwanza, hasa mkitumia umeme wa jua. Tena vumbi huziba feni, na mashine hupata joto. Isafisheni mara kwa mara.

Leseni nayo ni lazima. Hapa Tanzania hutolewa na TCRA.

Jambo kubwa kuliko yote ni mgawo. Programu huweza kumwekea kila mteja kipimo chake. Wekeni vipimo hivyo mkutanoni, mbele ya wote. Mwenye duka asinywe yote, shule na zahanati zikakauka. Mifereji mingi nimeiona ikifa kwa ugomvi wa zamu, wala si kwa ukosefu wa maji.