Lambo la Usukumani

Sisi tuliolelewa milimani Kivu, wasomaji wapendwa, tumezoea kusikia maji yakishuka usiku na mchana, hata twasahau kuyashukuru. Usukumani, katika nchi ya Tanzania, mambo ni mengine. Mvua ikiisha mwezi wa Mei, mito mingi hukauka ikabaki mchanga mtupu. Kwa hiyo watu hukinga bonde kwa tuta la udongo, maji ya mvua yakae nyuma yake. Hilo ndilo lambo. Mengi yalijengwa tangu mwaka wa 1947, katika mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma.

Tulifikia lambo moja mwezi wa Oktoba, kati ya Mwanza na Shinyanga. Maji yaliyosalia yalikuwa machache, rangi ya chai ya maziwa, maana jua la huko hunyonya kimo cha zaidi ya meta 1.5 kila mwaka, mbali na wanachokunywa ng'ombe. Tuta lilitupendeza: udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, majani mafupi juu yake, wala hapana mti hata mmoja. Mzizi ukioza huacha tundu, na maji hulifuata tundu hilo.

Mzee aliyetupokea hakujali sifa zetu. "Mwalimu, njoo huku," akasema, akatupeleka pembeni, mahali palipo chini kidogo kuliko kichwa cha tuta. Kumbe lambo likijaa, maji hutokea hapo. Pakizibwa, yatapita juu ya tuta. Nayo yakipita usiku mmoja tu, huchimba mfereji mwembamba, mfereji huwa korongo, na asubuhi kijiji hakina lambo. Hapo akina mama watarudia kufukua mchanga wa mto, wakiteka maji kata kwa kata.

Basi, katika mlango huo huo kijana mmoja alikuwa amepanda viazi vitamu, matuta sita yamekingama barabara, na boma la miiba kuyazunguka. Hatukuweza kumhukumu upesi. Ardhi ile ndiyo pekee yenye unyevu wakati wa kiangazi, naye ana watoto wanne. Mzee, ambaye ni baba yake mdogo, alikwisha kumwonya mara mbili.

"Baba, nitavichimba vikikomaa," kijana akajibu mbele yetu, kwa adabu.

"Vitakomaa lini?"

"Desemba."

Mvua za huko huanza Novemba. Jioni ile, tulipokuwa tukiaga, mawingu yalionekana upande wa Ziwa, na viazi vilikuwa bado ardhini.